Jiwe la Tumboni mwa Mvule

Kabla mbao hazijajulikana katika milima ile, mvule ulikuwa mti laini. Shoka lilipita ndani yake kama kisu kwenye boga lililopikwa, na tumboni mwake hamkuwa na kitu kigumu. Lakini haukukatwa ovyo. Uliombwa.

Namna ya kuuomba ilikuwa hivi. Mwenye shida ya mti, awe anataka nguzo, mzinga au kinu, alitoa figa moja jikoni kwake, likiwa na masizi yake, maana masizi ndiyo yaliyouambia mti ni nyumba gani inayoomba. Jiwe la mtoni halikufaa. Alilipeleka jioni, akaliweka shinani kati ya mizizi miwili, upande wa juu wa mteremko ili mvua isije ikalisukuma, kisha akarudi nyumbani bila kugeuka. Asubuhi alikwenda kutazama. Akilikuta pale pale, mti umekataa, naye alibeba jiwe lake akaenda zake. Akilikuta limebingirika bondeni, mti umekubali. Miti iliyokubali ilikuwa michache, na hakuna aliyenung'unika.

Wakaja wafanyabiashara kutoka tambarare. Walileta chumvi, kaniki na misumeno mirefu yenye mishikio miwili, wakasema kwao kunajengwa, wanataka mbao za mvule, na wanazitaka kabla ya masika. Vijana wakafundishwa kuchimba shimo na kulaza gogo juu yake, mmoja akisimama juu na mwenzake chini, wakivutana msumeno. Kazi iliwapendeza. Ila mivule ilikuwa ile ile, inakubali mara moja moja, na wafanyabiashara hawakuwa watu wa kusubiri.

Basi alfajiri moja Nakiete, binti mkubwa wa Sengasu, alikuwa anakwenda kisimani na mtungi kichwani, akamwona mdogo wake Senzia, mmoja wa vijana wale wa msumeno, amesimama kwenye shina la mvule. Figa lilikuwa pale pale lilipowekwa. Senzia alitazama huku na huku, akanyoosha mguu, akalisukuma kwa kisigino. Likauzunguka mzizi, likabingirika. Ndipo akapaza sauti, "Umekubali, jamani! Njooni muone!"

Nakiete akaushika mtungi wake vizuri. Chumvi iliyokuwa jikoni kwake ililetwa na Senzia. Kaniki aliyojifunga ililetwa na Senzia. Tena kulikuwa na ukungu, akajiuliza kama kweli ameona alichokiona. Akaenda kuteka maji.

Tangu hapo mivule ikawa inakubali kila siku. Yenyewe haikuelewa. Mti ulikataa usiku kucha, na kulipokucha ulisikia watu wakiushangilia kwa kukubali. Ikachanganyikiwa, ikapukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa jua kali. Hondohondo walirudi jioni wakazunguka angani, wakitafuta matawi ambayo hayapo. Watu nao wakaanza kupotea, maana katika milima ile mgeni alielekezwa kwa miti: pita mvule wa nyuki, shuka kwenye mvule uliopinda. Mzee mmoja aliyetoka kwenda kwa mkwewe alikutwa mchana ameketi juu ya kisiki, akimuuliza kila apitaye, kwa adabu, hapa ni kwa nani.

Siku moja Nakiete alifika kisimani asikione kisima. Palikuwa na mchanga mkavu na kaa aliyekufa. Hakujua kama amepotea yeye au yamepotea maji. Akarudi hadi mlangoni kwake, akaanza safari upya, polepole, akihesabu visiki. Akafika pale pale, kwenye mchanga ule ule.

Visima na chemchemi nyingine vikakauka vivyo hivyo, ikabaki chemchemi moja tu, iliyotoka chini ya mvule mmoja mkubwa, na kijiji kizima kikawa kinapanga foleni hapo. Senzia akatangaza kwamba mti huo ndio unaofuata.

"Huo usiuguse," Nakiete akamwambia. "Maji yetu yanatoka chini yake."

"Dada, maji yanatoka ardhini. Mti unakunywa tu, kama sisi."

Kirumbe, mdogo wa mume wa Nakiete, ndiye aliyevuta msumeno upande wa chini, na kope zake hazikuisha unga wa mbao. Akacheka. "Shemeji naye! Mnywaji mkubwa akiondoka, si ndiyo tutabaki na maji mengi?"

Maneno yale yalikaa kama kweli. Nakiete akayageuza kichwani, bado yakakaa kama kweli.

"Mbona chemchemi nyingine zimekauka?"

"Kiangazi," alisema Senzia.

"Juzi ilinyesha, Senzia. Ulilowa chapachapa ukaja kujianika kwangu."

Senzia akakasirika. "Haya, tuuombe kama kawaida. Weka figa lako mwenyewe. Likibingirika, usinifuate tena na maneno yako."

"Nitaweka. Na wewe mguu wako uache nyumbani."

Kirumbe alicheka tena, kisha kicheko kikamkatika. Akamgeukia Senzia, akamtazama miguu.

Jioni ile Nakiete alibeba figa lake hadi shinani, akaliweka upande wa juu, kati ya mizizi miwili. Hapo akakwama. Kuweka figa ni kuomba, naye alikuwa anaomba asichokitaka. Aseme nini? Akisema kataa, huko si kuomba. Akisema kubali, kesho watu watakunywa nini? "Sijui nikuombe nini," aliuambia mti, akarudi nyumbani bila kugeuka.

Asubuhi walikwenda wote pamoja, kijiji kizima. Figa halikuwepo. Wakashuka bondeni, wakapekua vichaka hadi kwenye maji. Halikuwepo. Ila shinani, kati ya mizizi miwili, gome lilikuwa na mstari uliofumba kama midomo, na utomvu mweupe ulikuwa ukichuruzika.

"Halipo pale, basi limebingirika," alisema Senzia.

"Limebingirikia wapi? Lionyeshe," alisema Nakiete.

"Kama halipo, halikubaki!"

"Na kama haliko bondeni, halikuondoka!"

Wazee wakaulizwa. Mmoja akasema umekubali, wa pili akasema umekataa, kisha kila mmoja akashawishiwa na mwenzake, wakabadilishana majibu. Senzia akachoka kungoja. Akamwita Kirumbe, wakauweka msumeno kwenye gome, wakavuta. Ulipita kwa ulaini wake wa siku zote, mpaka mti ukatoa ukelele na meno ya msumeno yakaruka kwenye majani.

Wakachungulia ndani ya mkato. Figa la Nakiete lilikuwa humo, limekumbatiwa na mti pande zote, masizi yameoshwa na utomvu hata likawa jeupe. Senzia aliingiza vidole, akalivuta, akalitikisa. Halikusogea. Akaketi chini, mkono umejaa utomvu.

"Dada, sasa umekubali au umekataa?"

"Sijui, mdogo wangu," alisema Nakiete. "Kwangu jikoni halipo, na huku bondeni halikufika."

Na kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna aliyevuta tena. Mti ukabaki umesimama na kidonda chake, na maji yakaendelea kutoka. Mivule mingine iliyosalia nayo ikajifunza, ikawa inajitafutia jiwe hata kabla ya kuombwa.

Na tangu siku hiyo mvule hubeba jiwe jeupe tumboni, na mpasua mbao huugonga kwanza kwa kisogo cha shoka akatega sikio. Wafanyabiashara hawajaacha kuja, na mivule mingine hukatwa hivyo hivyo, jiwe kwa mti. Lakini mara nyingi msumeno ukigota, mpasuaji husimama, hupangusa meno yaliyobaki, hutazama juu kwenye matawi na chini bondeni, asijue aendelee au arudi. Wanawake walioko kwenye maji huinama wakateka haraka haraka, yeye angali anafikiri.