Kifaru Afagia Machweo

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla majirani hawajajifunza kufunga milango, Bi Pimbi aliishi pangoni na watoto wake watano, chini ya mlima wenye kikohozi.

Siku moja mlima ukakohoa. Buuu! Majivu yakaruka juu, mengine yakamwagika uani. Kifaru akaja mbio, akaona pango zuri, akajitosa ndani.

"Tokeni," akasema. "Mimi mkubwa, nahitaji nafasi."

"Nyumba ni yangu, Mzee Kifaru."

"Basi ibebe uende nayo."

Watoto wakalala nje wakipiga chafya, chya, chya.

Jioni mbingu ikawa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Kesho yake vilevile. Bi Pimbi hakushangaa. Marehemu bibi yake alimwambia: mlima ukikohoa, vumbi laini hubaki juu angani, na jua la jioni likipita humo huwa jekundu, mpaka vumbi lishuke. Kifaru yeye hakuwahi kupata muda wa kumsikiliza bibi yeyote.

"Hodi, Mzee. Umeitazama mbingu?"

"Ina nini?"

"Imekasirika. Hebu kumbuka, wekundu ulianza siku gani?"

Kifaru akafikiri mpaka pembe zikamuuma. "Siku niliyoingia humu."

"Mimi sijasema kitu. Umesema mwenyewe."

Kifaru akatoka kinyumenyume, makalio mbele. Akatazama juu. "Nimetoka. Mbona bado?"

"Hasira ya mbingu hupoa polepole, baba. Ufagio ule pale. Anzia uani."

Basi, fya, fya, fya, kila siku Kifaru akafagia majivu, akachota maji, akabembeleza watoto. Kanga, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akapita nyumba kwa nyumba: "Mmesikia? Bi Pimbi kapata mume mpya, ana pembe mbili." Na mimi ningekuwapo, ningempokea kwa kahawa anieleze vizuri.

Wiki zikapita. Vumbi likashuka kidogo kidogo, wekundu ukafifia. Jioni moja jua likazama na rangi yake ya siku zote, kama kiini cha yai.

Kifaru akatupa ufagio. "Nimesamehewa."

Bi Pimbi akafinya macho, akachungulia magharibi. "Karibu usamehewe. Naona wekundu kidogo pale pembeni. Jikoni umefagia?"

Kifaru akauokota ufagio.

Nami namwacha hapo hapo, kizingitini mwa jiko: nguvu bila masikio huishia kufagia ua wa jirani.