Mjusi Mweusi Mkononi mwa Mgeni

"Kitu kilichotoka katika mikono hii hakichuji! Siku mtakapoona kazi yangu imetoka rangi hata tone, nileteeni hapa hapa, nami nitaitafuna kwa chumvi mbele yenu wote!"

Hayo yalikuwa majigambo ya Isihaka, seremala kijana wa Ufukoni, siku mtoto wa dada yake alipotimiza arobaini na kutolewa nje. Watu walikuwa mikekani wanakula ubwabwa, naye amesimama katikati yao, kifua mbele kama jogoo aliyepanda juu ya jaa. Ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko patasi yake. Hilo kila mtu alilijua, na wengi walilipenda, maana shughuli bila msemaji hupooza kama chai iliyosahauliwa.

Mtoto mwenyewe aliitwa Mgeni. Hadija, mama yake, baada ya kumzaa Rehema, binti yake wa kwanza, alizika watoto wawili mfululizo kabla hawajaota meno. Huyu alipozaliwa, wazee walishauri apewe jina la mpita njia, ili mauti yakibisha hodi yadhani nyumba ile haina mwenyewe wa kuchukuliwa. Ndiyo sababu Hadija hakucheka sana siku ile. Alimpakata mwanawe kama mtu aliyebeba maji kwenye jani.

"Nitamchongea mpwa wangu mjusi wa Tendaguru," Isihaka aliendelea, "wa mpingo mtupu!"

"Wewe huyo mjusi umemwona wapi, shemeji?" akauliza Hamisi, baba wa mtoto.

"Baba kambeba kichwani, mimi nimemrithi!"

Watu wakaangua kicheko. Ni kweli marehemu baba yao alikuwa miongoni mwa wapagazi walioteremsha mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kutoka kilima cha Tendaguru hadi Lindi, enzi za Wajerumani. Aliisimulia habari hiyo mpaka anaingia kaburini: mfupa wa paja uliowashinda wanaume wanne, shingo ndefu kama mnazi, na mkia ambao ukiukanyaga leo mwenyewe anaugua kesho. Hadija na mdogo wake walilelewa kwa hadithi hizo kuliko walivyolelewa kwa samaki. Kwa hiyo dada mtu aliposikia ahadi ile, macho yalimlowa. Ilikuwa kama baba yake ameahidi kurudi kumbeba mjukuu.

Lakini ahadi ya arobaini ikawa ya mwezi wa tatu, na ya mwezi wa tatu ikawa ya mwezi wa nne. Mpingo hauna masihara. Isihaka alilipata gogo zuri kutoka kwa Mmakonde mmoja wa Newala, akaligonga asubuhi moja, patasi ikapata pengo, mkono ukapata malengelenge, na gogo halikupata hata mkwaruzo wa maana. Akalisukumia uvunguni. Badala yake akachukua kipande cha msufi, mti laini kama muhogo uliochemshwa, na kufikia alasiri mjusi alikuwa amekwisha: shingo ndefu, mkia wa kupinda, na tumboni tundu lenye punje za mtama ili alie kama manyanga. Alikuwa mzuri, haki ya Mungu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa mweupe kama unga.

Nyuma ya nyumba yake aliishi Bibi Tabu, mkaanga korosho. Isihaka akamwendea na mkebe.

"Bibi, nigaie mafuta ya maganda ya korosho. Nguzo zangu zimeingiwa na mchwa."

"Siku hizi salamu mnaziacha wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chukua, lakini kwanza tazama hapa." Bibi Tabu akamnyooshea vidole vyake, vyeusi, vimebabuka hata mistari haionekani. "Miaka yote hii kitu hiki hakijawa rafiki yangu. Kinachoma ngozi kama moto usio na moshi. Ukishapaka nguzo, usijishike jicho wala mdomo, na watoto wasiegemee mpaka mwezi upite. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi. Watoto wa wapi nyumbani kwa kapera?"

Kesho yake Bibi Tabu akaenda kijiji cha Ziwani kumsaidia mwanawe kuvuna korosho. Isihaka akamchovya mjusi katika mafuta hayo mara tatu mpaka akawa mweusi, akamwanika juani siku mbili, akampaka mafuta ya nazi. Mjusi akang'aa kama shavu la bibi harusi. Karani mmoja wa bandari mpya alimwona, akasema Mzungu wake angependa wengine kumi kama yule. Basi tena! Isihaka akapita mitaani huku amemwinua juu, na kila aliyeuliza alijibiwa neno moja: "Mpingo."

Hakwenda mikono mitupu kwa Rehema pia. Alimshonea mjusi wa kaniki aliyejazwa sufi, na watoto wa jirani akawakatia vijijusi vya vifuu vya nazi. Siku hiyo uani kwa Hadija kulikuwa na nderemo. Mgeni alimkamata mjusi wake mweusi kwa mikono yote miwili, akamtikisa, akashangaa mlio, kisha akafanya kama wafanyavyo watoto wote wa miezi minne duniani. Akamtia mdomoni.

Siku ya tatu midomo ya Mgeni ilikuwa myekundu. Siku ya tano ilivimba na kutoa malengelenge, na kila aliposhika titi aliliachia kwa kilio kilichokwaruza kama msumeno. Viganja vya Rehema navyo vilibambuka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimchezea mdogo wake mjusi, lakini wakasema ni utomvu wa maembe mabichi. Isihaka alipoitwa, akainama kumtazama mpwa wake, akalikumbuka onyo la Bibi Tabu. Yeye mwenyewe vidole vyake alikuwa amevifunga matambara, akiwaambia watu kwamba randa ilimparuza.

Neno moja lingetosha. Lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi ule ule usiojua kunyamaza. Lakini nyuma ya neno hilo aliwaona watu wa mikekani wakicheka, akamwona karani akigeuza uso, akamwona baba yake kaburini akigeuka upande. Akalimeza.

"Hiki ni kitu gani, shemeji?" Hamisi aliuliza, sauti imekauka. "Homa hana. Tumbo halimwendeshi. Kitu gani hiki?"

"Kwani juma lililopita nani alimbeba?" Isihaka akauliza.

"Wengi. Na jirani yetu Mwanaisha."

"Alimsifu?"

Hadija akainua uso. "Alisema ana mashavu kama maandazi."

"Alisema mashaallah?"

Hadija akamvuta mwanawe kifuani. Isihaka akatikisa kichwa polepole, kama mtu asiyependa kuyasema anayoyasema. "Mimi simo. Lakini mwanamke wa miaka kumi bila mtoto, jicho lake mnalijua."

Mwanaisha huyo ndiye aliyemletea Hadija uji kila asubuhi siku zote arobaini. Siku hiyo hiyo Hamisi alimkataza kukanyaga uani kwake. Habari ilienea upesi kuliko moto wa makuti. Kufikia Ijumaa wanawake walikuwa wakiwaficha watoto kwenye kanga kila alipopita, naye akaanza kwenda kisimani alfajiri, kabla wenzake hawajaamka.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akaombwa kombe, maji yaliyooshewa aya, Mgeni akanyweshwa kwa matone. Akafungwa hirizi mkononi, na Hadija, kwa mapenzi ya mama, akaifunga kwenye uzi mmoja na mjusi, kwa sababu mtoto alitulia kidogo tu anapousikia mlio wake. Kwa hiyo kilichokuwa kikimwunguza kikawa ndicho kinachombembeleza.

"Dada, hebu mtoe huyo mjusi," Isihaka alisema siku moja, macho chini.

"Usimnyang'anye, mdogo wangu. Hana kingine. Na ni mkono wa baba huu."

"Basi nipe nikamkaze kidogo, mkia unalegea. Asubuhi nitamrudisha."

Alimpa. Alfajiri Isihaka alikwenda kisimani, akamsugua mjusi kwa mchanga na majivu. Nia yake ilikuwa njema kwa muda wa kusugua shingo tu. Shingo ilipotoa weupe wa msufi, aliingiwa na kiwewe. Jua lilikuwa linachomoza. Dada yake angeuona weupe ule, angeuliza, na swali moja lingezaa la pili. Akaufungua mkebe wa mafuta aliokuja nao, akachovya kitambaa, akairudishia shingo weusi wake. Akatazama huku na huku. Hakuona mtu. Akamrudisha mjusi kwa mwenyewe kabla rangi haijakauka.

Baada ya hapo Mgeni hakulia tena kwa nguvu, na hilo ndilo lililowatisha watu zaidi. Alilala, macho nusu, mbavu zinahesabika. Hadija alimkamulia maziwa kwenye kijiko, nayo yalitiririka pembeni mwa mdomo. Hakuzungumza na mtu. Kanga zile mbili alizowabebea wale wawili aliowazika zilikuwa bado sandukuni, na mchana mmoja Rehema alimkuta mama yake amelifungua sanduku, anatazama tu.

Siku ya nne baada ya alfajiri ile walisoma dua. Uani palijaa watu wale wale wa ubwabwa, ila safari hii hakuna aliyecheka. Isihaka alikaa karibu na mlango, matambara vidoleni, anaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Ndipo Bibi Tabu alipoingia, fimbo mkononi na vumbi la Ziwani miguuni.

"Shikamoo, bibi," Isihaka alisema, sauti nyembamba kama uzi.

"Marahaba. Nguzo zako vipi?"

Isihaka akaficha mikono nyuma. Bibi Tabu akampita, akaketi, akapewa mtoto. Akaufungua mdomo wa Mgeni kwa kidole kimoja, akautazama muda mrefu, kisha akakitazama kidole chenyewe. Akamchukua mjusi, akamnusa. Akailowesha pembe ya kanga yake kwa mate, akaipangusa ile shingo. Kanga ikatoka doa jeusi.

"Nani aliyechonga?"

"Mjomba'ke," Hadija akajibu. "Mpingo wa Newala."

"Binti yangu, huu ni msufi. Na hii ni sumu yangu ya maganda. Mtoto wenu hana jicho la mtu, ameunguzwa. Kateni huo uzi, mwosheni mdomo kwa maziwa, mkimbizeni hospitali sasa hivi!"

Hamisi hakungoja kofia wala viatu. Alimkwapua mwanawe akatoka mbio, na baadhi ya wanaume nyuma yake. Mgeni alikuja kulazwa siku tisa na kurudi nyumbani na kovu jeupe mdomoni. Lakini saa ile pale uani hakuna aliyejua kama angerudi kwa miguu ya baba yake au kwenye jeneza.

Bibi Tabu akainuka na mjusi mkononi, akamwendea Isihaka. "Rehema, mjukuu wangu, lete chumvi."

Mtoto akaleta. Bibi akainyunyizia ile shingo nyeusi kama mtu anayekolezea samaki.

"Rangi imetoka. Ulituapia kwa kinywa chako, tukiwa tunakula. Haya, mwanangu, tafuna."

Isihaka akampokea mjusi. Punje za mtama zikalia tumboni mwa mjusi, na mlio huo mdogo ukasikika ua mzima. Akamwinua hadi kidevuni. Hapo mkono ukakataa kwenda. Akamweka chini mchangani.

Hadija alikuwa amesimama mbele yake, hana mtoto mikononi, na mikono ile ilikuwa bado imepinda kama inayombeba. "Ulijua?" akamwuliza kwa upole uliomtisha kuliko kofi.

"Wallahi sikujua, dada! Mpingo ulinishinda, nikaona haya, basi. Kwamba mafuta yanaunguza, ndiyo kwanza naambiwa leo na bibi. Ningejua ningemwacha mpwa wangu..."

"Alijua."

Bibi Tabu alikuwa ameinua fimbo kumkumbusha onyo lake, lakini sauti hiyo ilitoka nje ya ua. Watu wakageuka. Upande wa pili wa wigo wa makuti, mahali alipokatazwa kuvuka, alisimama Mwanaisha na mtungi wake, hajaingia hata unyayo.

"Siku nne leo, alfajiri, nilikuwa nyuma ya mfenesi pale kisimani nangoja aondoke, maana nimekuwa mtu wa kujificha. Nilimwona anamsugua mjusi huyo kwa mchanga na majivu, na vidole kavifunga. Weupe ulipotoka, akampaka tena. Nilidhani anampamba. Na hata ningesema, nani angenisikiliza mimi mwenye jicho?"

 Hadija akainama, akayashika matambara ya mdogo wake, akayafungua taratibu, kidole baada ya kidole. Ngozi ya chini ilikuwa nyeusi, imebabuka, haina hata mstari, sawasawa na ya Bibi Tabu.

Isihaka akavikunja vidole vyake kiganjani. Uongo wake ulikuwa umetoka nyumbani kwake, ukapita kwa Bibi Tabu, ukafika kisimani, na safari yake yote ikaishia pale kwenye wigo wa makuti, mbele ya mwanamke na mtungi wake. Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.