Semina ya Pimbi Bwawani kwa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Nimekuja na semina.
Ina chai?
Haina.
Basi tupe hadithi!

Hapo kale kilipiga kiangazi kikali, likabaki bwawa moja tu lenye maji. Katikati yake alilala Kiboko. Swala akija: "Toka, maji yangu!" Ngiri akija: "Toka, yangu!" Hata Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, alifukuzwa na wanawe, ndimi zimewakauka. Akaona kesho hawataiona. Akajipangusa vumbi, akarudi akikohoa kwa heshima.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Yangu!"

"Sijaja kunywa, mzee. Nimeleta semina ya uongozi. Una watu wengi, lakini huna timu."

Kiboko akafumbua jicho. "Timu inaliwa?"

"Hailiwi, ila inakufanyia kazi wewe umekaa. Nawe utakuwa mgeni rasmi."

Mgeni rasmi! Kiboko akatoka majini, pwaa!

Pimbi akamkalisha meza kuu, juu ya jabali bapa, bwawa likiwa nyuma yake, shada la maua shingoni. "Mgeni rasmi haondoki kabla ya kufunga semina," akamwambia. "Wala haangalii kazi za vikundi. Anafikiria hotuba."

Kisha akashuka mbio. Kusema kweli, alitaka wanawe wapate japo funda moja kabla jua halijamrudisha yule bwana majini. Kufika, akamkuta Ngiri anachimba ukingo, chaka-chaka-chaka! Nungunungu analegeza udongo, Kobe anausomba mgongoni, Swala wanaupiga teke, tifu! tifu! Hakuna aliyetumwa. Hakuna aliyeuliza posho.

Mara ukingo ukaachia, shwaaa! Maji yakateremka bondeni, yakajaa katikati ya mawe, mahali ambapo Kiboko hapenyezi hata sikio. Pimbi akabaki mdomo wazi. Semina aliitunga njiani, lakini hili hakulitunga yeye. Aliwatazama wanawe wakinywa, akawatazama wenzake waliojaa matope hadi machoni, akalia kwa mshangao na furaha.

Huko juu Kiboko anaungua. "Mwalimu, jua!"

"Vikundi bado, mzee!"

"Mwalimu, ngozi!"

"Hotuba imefika wapi, mzee?"

Mwishowe akashindwa, akageuka. Bwawa lilikuwa tope tupu.

"Maji yangu yako wapi?"

Wanyama wakaruka, wakapiga makofi, pa-pa-pa! "Timu yako hiyo, mzee! Yote haya chini ya uongozi wako!"

Kiboko akatazama tope. Akatazama umati unaomshangilia. Akarekebisha shada lake.

"Asanteni," akasema. "Nilijua mtaweza." Akateremka taratibu, akajilaza topeni.

Hadithi yangu imekwisha, mwenye kiu akanywe, mwenye swali aandike jina. Na funzo lake, wanangu, lishikeni: timu bila kiongozi haiwezi kitu.