Asumini ya Salha

Bibi harusi aliyefiwa na mama, nani amvishe kikuba? Usijibu mbio. Hata hao ninaowasimulia walidhani ni jambo dogo.

Huko Wete, Pemba, nyumbani kwa Bi Shinuna, kikuba cha harusi, kile kishada cha asumini na rehani, huvishwa na mama mzazi peke yake. Anayekivisha ndiye anayekaa ubavuni mwa bibi harusi sherehe nzima, akiitwa mama. Sasa Raya, mjukuu wake, alikuwa anaolewa, na mama yake, Salha, alifariki siku aliyomzaa. Aliacha mtoto huyo, na muasumini alioupanda uani. Tangu afe, muasumini ule ulikaa miaka mingi bila kutoa ua.

Wanawake watatu walimlea Raya kwa zamu, kila mmoja na kipaji chake. Zeyana, mdogo wake Salha, alikuwa hodari wa kutoa. Biubwa, shangazi mtu, alikuwa hodari wa kuacha mambo yajiendee. Kazija, mama wa kambo, alikuwa hodari wa kunyamaza.

Zeyana ndiye aliyeushika muasumini kwanza. Maji ya kisima asubuhi na jioni, samadi ya mbuzi kila alipouona umelegea. Ukanenepa, majani yakang'aa, mizizi ikazama hadi chini ya msingi wa nyumba. Maua, hakuna. "Unakula kama mgeni wa sikukuu," Zeyana alikuwa akiuambia, na bado anaumwagia. Alipoolewa Unguja aliondoka akilia.

Biubwa akaupokea, na hakuupa hata kikombe. Siku hizi anasema aliufundisha kiu kwa makusudi. Waliokuwepo wanakumbuka magoti yake yaliyokuwa yakimuuma, na kisima kilivyokuwa mbali. Vyovyote vile, majani yalipukutika, zikabaki fimbo tupu, mti ukatulia kama uliolala.

Kisha akaja Kazija, mke mpya wa Hamdani, baba yake Raya. Kila alasiri Hamdani alibeba kiti akakaa mbele ya zile fimbo mpaka chai ikapoa. Kazija alikuwa anaimwaga na kumtengenezea nyingine. Miaka ikaenda hivyo. Siku moja, masika yakikaribia, mume yuko msikitini, alichukua panga akaukata muasumini hadi usawa wa goti. Akafagia uani. Akaenda kuosha mchele.

Hamdani aliporudi alisimama mlangoni. "Umefanya nini?"

"Nimeupogoa, mume wangu. Miti hupogolewa."

Mvua ikanyesha. Vikatoka vichipukizi laini, na mwaka huo huo muasumini ukajaa maua, harufu ikaingia mpaka chumba cha ndani kabisa.

Siku ya harusi walichuma asumini alasiri, zingali zimefumba, wakazitunga. Zeyana alikuwa amekuja kutoka Unguja. Kikuba kilipotua kwenye sinia, akanyoosha mkono.

"Taratibu," Biubwa akasema. "Unakwenda wapi?"

"Kumvisha mwanangu. Mti nimeunywesha mimi."

"Ukakupa nini? Majani. Mimi ndiye niliyeutia adabu."

"Adabu gani, wifi? Ulikuwa umelala."

"Basi nililala kwa faida."

Bi Shinuna, aliyetunga vikuba tangu ujana wake, aliwatazama mpaka wakanyamaza. "Bila samadi ya Zeyana, mti ungekufa kwa kiu ya Biubwa. Bila kiu hiyo, ungeendelea kuota majani tu. Na bila panga la Kazija, vichipukizi vya kubeba maua vingetoka wapi? Mmelingana. Mimi sina la kukata hapa. Achague mwenyewe."

Raya alikiinua kikuba akakiweka kwenye kiganja cha Kazija, ambaye hakuwa amedai kitu.

"Wewe ndiye uliyemleta mama yangu harusini," akasema. "Nivishe, mama."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote ilikuwa "Bi Kazija", kwa heshima, kama anavyoitwa jirani. Kazija alikuwa amelisubiri neno hilo tangu mtoto huyu akiwa anasukwa nywele mapajani mwake, na sasa lilikuwa limefika, na kulipata hakukumtaka kufanya lolote zaidi ya kunyamaza, jambo alilolijua kuliko watu wote mle ndani.

Akainama kukivisha. Akainuka nacho.

"Sikuupogoa," akasema. "Niliukata ufe. Nilichoka kuishi na Salha."

Kikuba kilikuwa bado mkononi mwake, na asumini zilikuwa zimeanza kufunguka. Je, wewe uliyekaa hapo, ungekiacha mkononi mwake, au ungekichukua umpe nani?