Picha ya Mwalimu Ambakisye

Imenifikia leo. Ukimaliza kuisoma, mpelekee yule uliyemkumbuka.

Palikuwa na fundi wa tovuti mjini Mbeya, jina lake Gwamaka. Alifanya kazi peke yake katika chumba cha kupanga. Siku nyingi jua lilizama hajazungumza na mtu ana kwa ana, maana wateja wake walimtumia ujumbe tu.

Mmoja alikuja mwenyewe: Bi Tusekile, mjane wa mwalimu wa kwaya. Alitaka ukurasa wa kumkumbuka mumewe, Ambakisye. Gwamaka akautengeneza. Ukipeleka mshale wa kompyuta juu ya picha ya marehemu, picha inaondoka na habari za maisha yake zinatokea.

Bi Tusekile alipojaribu, picha ilitoweka papo hapo. Akageuza uso.

"Ndivyo alivyoondoka," alisema. "Nilitoka kuanika nguo. Niliporudi ndani, hayupo tena."

Gwamaka akamwomba radhi. Akaongeza mstari mmoja kwenye msimbo, ule unaouamuru ukurasa ubadilike taratibu badala ya ghafla, kisha akamsihi ajaribu tena.

Safari hii mwalimu alififia kidogo kidogo. Mama yule alimtazama mpaka mwisho, midomo ikicheza bila sauti. Halafu akauondoa mshale, na mara picha ikarudi nzima. Akashtuka.

Gwamaka akaliona kosa lake. Ule mstari aliuweka upande wa kuondoka tu, upande wa kurudi akausahau. Akamwambia ni jambo dogo, atarekebisha ili picha irudi taratibu vilevile.

Bi Tusekile akamshika mkono.

"Usirekebishe, mwanangu. Akiondoka, nipe muda nimuage. Lakini akirudi, aje mara moja. Nimngoje tena kwa nini?"

Mjane alipokwenda zake, Gwamaka alibaki ameketi. Huko Kyela mama yake alikuwa akimuuliza kwenye simu atakuja lini, naye miaka yote alijibu kwamba bado anajipanga. Akazima kompyuta, akafunga mlango, akaenda stendi.

Alimkuta mama yake jikoni, anapuliza moto. Mama akaacha kupuliza, akainuka.

"Mbona hukuniambia unakuja?"

"Ningesema, mama, ningechelewa tena."

Funzo: Anayeondoka muage taratibu, lakini kwa anayekungoja usijipange sana, rudi leo.