Buti Chini ya Tumbo la Ndege

Hapo zamani, wakati ndege zilipokwisha kuzoeleka hata mbuzi wa jirani hawakuinua vichwa, palikuwa na uwanja mdogo wa ndege huko nyanda za juu, mahali paitwapo Lukanda. Na pale uwanjani alikuwapo mwanamke aitwaye Sekela, mlinzi wa bawa la kushoto.

Kazi yake ilikuwa hii. Ndege ilipotaka kuondoka, trekta liliisukuma kinyumenyume kutoka mahali ilipoegeshwa. Sekela alitembea pamoja na ncha ya bawa la kushoto, bendera juu, akiangalia lisigonge kitu. Upande wa kulia alitembea Ngwembe, bendera juu, akiangalia bawa lake. Bendera ikiwa juu, njia ni safi. Bendera isipoonekana, dereva wa trekta asimame. Na kila mlinzi atazame bawa lake tu, asihangaike na la mwenzake.

Kwa sababu ya mngurumo walivaa vizibo vya masikio, basi hawakuongea. Zamu ilipokwisha, kila mtu alishika njia yake. Kwa miaka kumi na mmoja Sekela alimjua Ngwembe kwa buti zake, alizoziona ng'ambo chini ya tumbo la ndege: buti nyeusi, ya kulia ina kamba nyekundu. Buti zilikwenda, naye akaenda. Buti zilisimama, naye akasimama. Abiria walipunga mikono madirishani. Alijua hawampungii yeye, lakini siku nyingine alipunga.

Ndege ya asubuhi ilikwenda pwani, alikoolewa binti yake, Tumpe. Mwaka wa sita huo hawajaonana. Kwa basi ni siku mbili kwenda na mbili kurudi, na kila alipoomba likizo aliambiwa hakuna wa kushika bawa lake. Mjukuu wake alimjua kwa sauti ya simu tu.

Asubuhi moja yenye upepo, ndege hiyo ya pwani ilijaa watu. Mzee Shomvi, dereva wa trekta, akaanza kuisukuma. Bendera ya kushoto juu. Bendera ya kulia juu. Jua la asubuhi lilimpiga Mzee Shomvi machoni kutoka upande wa kulia.

Upande huo palikuwa na ngazi ya abiria yenye magurudumu, nayo haikuwekewa kabari. Upepo ukaisukuma, ikaanza kubingirika kuelekea bawa. Ngwembe akaiona. Akatupa bendera, akakimbia, akaikinga ngazi kwa mgongo na kuizuia kwa nguvu zake zote. Na bawa likawa linamjia.

Sekela hakuona ngazi. Hakuona upepo umefanya nini. Alitazama chini ya tumbo la ndege, na zile buti hazikuwapo. Bawa lake lilikuwa salama kabisa, lakini alipandisha mikono miwili na kuikutanisha juu ya kichwa: simama.

Mzee Shomvi akakanyaga breki. Bawa likasimama shubiri moja kutoka kifua cha Ngwembe.

Wakaguzi walipomaliza na kusema ndege ni nzima, rubani alishuka mwenyewe. Akasema, "Nina kiti kimoja kitupu, cha dirishani. Aliyeiokoa ndege hii apande, kesho kutwa nitamrudisha."

"Ni nani?" akauliza Bi Kemilembe, mkuu wa zamu.

Ngwembe akasema, "Mimi niliishika ngazi. Mgongo huu hapa, umechubuka. Ningebaki na bendera yangu, ngazi ingelitoboa bawa."

Mzee Shomvi akacheka kidogo. "Ungebaki na bendera yako, mwanangu, ningekuona unaishusha, ningesimama mapema. Uliitupa, ukaniacha kipofu. Ndege haikusimama kwa mgongo wako. Ilisimama kwa mguu wangu huu."

"Mguu wako uliendelea bila bendera yangu, mzee."

Mzee Shomvi akakinga macho kwa mkono. "Jua lilikuwa machoni," akasema. "Miaka kumi na mmoja hujaishusha hata siku moja. Nilijua ipo tu."

"Haya, na mama Tumpe?" akauliza Bi Kemilembe.

"Mimi niliwasimamisha," Sekela akasema. "Nisingeinua mikono, mguu wa mzee ungebaki ulipo."

"Lakini uliona nini, dada?" Ngwembe akauliza kwa upole. "Ngazi hukuiona. Na bawa lililopata hatari si lako."

"Sikuona buti zako."

Ngwembe akazitazama buti zake, kama mtu anayeambiwa jina lake na mgeni.

Rubani akatazama saa. "Huko mnataka kwenda kufanya nini?"

"Nina binti," akasema Sekela. "Na mjukuu nisiyemjua sura."

"Mimi sina mtu huko," akasema Ngwembe. "Hata hapa sina. Nataka tu kuona kutoka juu mahali ninaposimama kila siku."

"Nastaafu Ijumaa," akasema Mzee Shomvi. "Miaka thelathini nazisukuma ziende. Sijapanda hata moja."

Sekela aliwaza kwamba robo saa hii wameongea mengi kuliko miaka yote. Alimwona Ngwembe kwa karibu: ana mvi kando ya masikio. Kumbe ile kamba nyekundu ni kipande cha utepe wa zawadi, na hakuwahi kumuuliza nani alimpa.

Bi Kemilembe alikwisha kuvaa vizibo vya masikio. Akaokota bendera iliyotupwa. "Mmoja apande," akasema, "mimi nitashika nafasi yake. Niambieni tu: nishike bawa la kulia, la kushoto, au usukani?"

Ndege iliondoka asubuhi ile, na kiti cha dirishani kilikuwa na mtu. Mtu huyo alipunga mkono, na wawili waliobaki chini wakampungia.

Nanyi mnaonisikiliza, mmoja aliikamata hatari lakini akaacha bendera. Mmoja aliisimamisha ndege lakini alikuwa ameshaendelea bila ishara. Mmoja hakuona hatari yoyote, ila aliona mwenzake hayupo. Je, kiti kile kilikuwa cha nani?