Chungu cha Nyamizi na Dume la Nyuma ya Ghala

Hapo zamani, kabla bangi haijawa jambo la kunong'onezwa, kijiji cha Ibelamwa kilikuwa na mfinyanzi mmoja tu, Nyamizi. Nasema mmoja tu, na msianze kunitajia bibi zenu. Bibi zenu walifinyanga vyungu vya kupikia mboga. Nyamizi alifinyanga chungu cha tambiko, kile kinachotiwa pombe ya wazee waliotangulia. Anayekitunza chungu hicho ndiye mkubwa wa ukoo, hata kama kwa umri ni mdogo.

Mwaka mmoja chungu cha tambiko cha ukoo wake kilipasuka. Mwaka huohuo vidole vya Nyamizi vikajikunja kwa maumivu, kama kucha za kuku. Akawa hawezi kushika udongo, hawezi kushika mwiko, hata uji ananyweshwa. Siku moja akawaita watu wa nyumba yake, akalia mbele yao bila kuona haya.

"Wanangu, sitaki kufa kabla sijafinyanga chungu kingine cha tambiko. Atakayenirudishia vidole vyangu, chungu hicho ni chake."

Walioitwa walikuwa watatu. Maganga, mwanawe wa kiume, mpagazi wa misafara. Holo, mke wa Maganga. Na Kalunde, binti yake, mkulima wa mtama na karanga.

Maganga akasema, "Mama, huko ng'ambo ya ziwa niliona mtu anapakwa magoti dawa ya maua ya bangi yaliyochemshwa kwa samli. Asubuhi alibebwa, jioni akacheza ngoma."

Wapagazi mnawajua kwa kutia chumvi. Lakini huyu alikwenda kweli. Alitembea miezi minne, ukucha wa kidole gumba ukang'oka njiani. Alipofika akavua shuka lake pekee, akalitoa kwa mbegu tisa. Akarudi amejifunga ngozi ya mbuzi, watoto wanamzomea, mbegu zimo ndani ya pembe ndogo shingoni.

Kalunde akazipokea, akazigeuzageuza kiganjani. Ndogo, za kijivu, zenye madoadoa kama mayai ya kwale.

"Zinapandwaje, kaka?"

"Zinapandwa ardhini," akasema Maganga.

"Wifi," Holo akacheka, "nimeolewa na mtaalamu gani mimi nisimjue? Huyu hata kunde hajawahi kupanda."

"Sijui bangi," akasema Kalunde, "lakini nitajua."

Akachukua mbegu tano, akaweka nne. Akazifukia zile tano kama anavyofukia karanga, kina cha jembe, akashindilia kwa kisigino. Usicheke, wewe uliyepanda muhogo kichwa chini! Siku saba, kimya. Siku kumi, kimya. Alipofukua akakuta zimeoza zote.

Hapo ndipo Maganga akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Aa, dada! Yule mzee aliniambia kina cha ukucha. Nilisahau."

"Ulisahau?"

"Njia ilikuwa ndefu."

Kalunde alitaka kumtwanga kwa mchi. Hakumtwanga. Alikwenda nje, akakaa juu ya kinu, akalia kidogo, kisha akajifuta kwa kanga. "Sijui bangi, lakini nitajua."

Akaziloweka zile nne usiku mmoja. Akachanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyokaa mwaka. Akazipanda kina cha ukucha, upande wa nyumba unaopata jua tangu asubuhi. Siku ya tano zikachomoza, zote nne. Siku ya kumi mbuzi akala mche mmoja. Kalunde akakata miiba, akajenga ua, mikono ikachubuka mpaka ikafanana na ya mama yake. "Sijui bangi, lakini nitajua." Kiangazi kikaja, akateka maji mtoni, mtungi kichwani, alfajiri na jioni. Miche ikampita kiuno, ikampita bega.

Ndipo Maganga akakumbuka neno la pili, na safari hii akalikumbuka mapema. "Bangi ni kama mpapai, dada. Kuna jike na kuna dume. Maua ya dawa ni ya jike ambalo dume halijaligusa. Likiguswa linajaa mbegu, na dawa inapungua nguvu. Ukiliona dume, ling'oe."

Kila asubuhi Kalunde akawa anainama kukagua vifundo vya shina. Miche miwili ikatoa nywele nyeupe. Mmoja, ule mrefu kuliko yote, ule aliojivunia kwa majirani, ukatoa vifuko vinavyoning'inia kama maua ya mpapai dume. Moyo ukamuuma, lakini akaung'oa kwa mikono miwili, akampa Holo.

"Wifi, huu uchome moto."

"Nimesikia, wifi."

Kusikia alisikia. Holo aliufikisha jikoni, akausimamisha mbele ya moto, na mkono ukakataa. Akachukua kile chungu cha tambiko kilichopasuka, akakijaza udongo, akaupanda ule mmea dume humo, akauficha nyuma ya ghala. Akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Ulinyauka siku tatu, kisha ukainua kichwa. Na upepo wa Ibelamwa, mnaujua, hautaki ruhusa ya mtu.

Siku ya kuvuna, Kalunde akapasua ua moja kwa kucha. Mbegu! Akapasua la pili. Mbegu! Akaacha kisu palepale, akazunguka nyumba, akazunguka zizi, akafika nyuma ya ghala. Ukelele wake ulisikika mpaka mtoni.

"Holo! Umemuua mama!"

Holo hakukimbia. Alisimama mbele ya kile chungu kilichopasuka, machozi yanamtoka, asirudi nyuma hata hatua moja.

"Wifi, kwetu mwaka wa njaa tulikula mbegu. Tulishiba siku mbili. Mvua iliponyesha hatukuwa na cha kupanda, nikazika wadogo zangu wawili. Mikono hii haiwezi kumaliza mbegu. Niue, haiwezi."

Kalunde akamgeuzia mgongo. Akarudi kuvuna. Akayaning'iniza maua chini ya paa, kivulini, mpaka yakakauka. Akachambua mbegu moja moja, akayatwanga, akayachemsha polepole kwa samli. Ikapatikana dawa ya kujaza kibuyu kimoja kidogo, tena si kali kama ilivyotazamiwa.

Wakampaka Nyamizi asubuhi na jioni. Siku ya tatu kidole gumba kikafunguka. Siku ya sita akashika mwiko, akanywa uji mwenyewe, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Siku ya saba akasema, "Nileteeni udongo."

Akafinyanga. Hakupumzika, jasho linamdondoka juu ya udongo. Alijua kibuyu kinapungua. Chungu kikakauka, na kibuyu kinapungua. Siku ya kukichoma, Kalunde akakikwangua kibuyu kwa kijiti, akampaka mama yake tone la mwisho. Chungu kikatoka motoni chekundu, hakina ufa. Kilipopoa, Nyamizi akakinyanyua kwa mikono yake mwenyewe.

"Sasa semeni," akawaambia.

Maganga akasema, "Mama, mimi nilitembea miezi minne. Nilirudi uchi kwa ajili yako. Nilisahau neno moja, kweli, na mbegu tano zikaoza. Lakini bila miguu yangu, wangepanda nini hawa?"

Kalunde akasema, "Mama, mbegu ndani ya pembe si dawa. Niliharibu tano kwa kutojua, sikatai. Lakini niliteka maji, nikajenga ua, nikang'oa mmea niliokuwa naupenda. Vidole vyako vimefunguliwa na kazi yangu. Kama Holo angenisikiliza, dawa ingekuwa kali, na leo ungeanza chungu cha pili."

Holo akasema, "Mama, mimi nilikaidi, na nilificha. Dawa imepungua kwa mkono wangu." Akafungua pindo la kanga. Mbegu zile alizochambua Kalunde zikamjaa viganja vyote viwili, zikamwagika. "Lakini dawa imekwisha, Mama. Mwaka kesho vidole vyako vitafunguliwa na nini?"

Nyamizi akamtazama mwanawe, akamtazama binti yake, akamtazama mkwewe. Akakibana chungu kifuani. Kisha akasema, "Sijui." Na lile neno la Kalunde, la nitajua, halikutoka.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinicheka tangu mwanzo, msinitazame mimi. Chungu kingali mikononi mwa yule mama. Dawa imekwisha, na kidole chake kidogo kimeshaanza kujikunja. Asipokitoa sasa kitamponyoka, na ukoo utabaki na vigae. Watatu wamenyoosha mikono. Semeni upesi: je, nani anastahili kukipokea?